Natokea Dom, nataka kuzunguka visiwa peke yangu mwezi wa saba, nipangeje?

zabibu_ya_hombolo:
Habarini wakuu. Mi ni mtumishi hapa makao makuu, mambo ya bajeti yakiisha tu mwisho wa mwezi wa sita napata likizo, na safari hii siendi kijijini wala kwenye harusi ya mtu, nataka nibebe begi la mgongoni nizunguke visiwa vyetu mwenyewe, Unguja, Pemba, Mafia, na Kilwa Kisiwani nikiweza. Nina kama wiki mbili hivi. Nimekaa na ramani naona vimejipanga kama vituo vya daladala, nikasema basi nashuka hiki napanda kile mpaka naishia Kilwa alafu narudi na basi. Hoteli za kitalii sizitaki, nataka gesti ya kawaida, chakula cha mtaani, na usafiri wanaopanda wenyeji.

Sasa hiyo ruti inawezekana? Mwezi wa saba bahari ikoje? Na mwanamke peke yangu, tena kuogelea sijui (tumekulia vumbi sisi), kuna shida gani? Msiniletee mapakeji ya matangazo tafadhali, bei zao nimeshaziona.

mgogo_wa_makole:
Dada una moyo. Mi bwawa la Hombolo lenyewe naliangalia kwa mbali. Naweka kambi hapa nisome majibu.

mpemba_wa_area_c:
Karibu kwetu dada, ila hiyo habari ya kushuka kusini kisiwa kwa kisiwa ifute kwanza. Unguja na Mafia hakuna boti ya abiria ya kila siku inayounganisha, vindege vidogo vipo lakini ndo hela hizo usizozitaka. Mtu wa Mafia anarudi Dar, anaenda Mbagala Rangi Tatu, anapanda gari ya Nyamisati huko Kibiti, ndio anavuka kwenda Kilindoni. Kwa hiyo hapo una safari mbili, ya kaskazini na ya kusini, na kwa wiki mbili chagua moja. Wanaotaka zote likizo inaishia wamekaa bandarini juu ya mabegi.

Na kwa Julai mi nakushauri kaskazini. Kipindi hicho ni kusi, upepo unatoka kusini tangu mwezi wa nne wa tano huko mpaka wa tisa, na mwezi wa saba ndo umekolea. Mvua hakuna, hewa ni nzuri kabisa, ila maji yamechafuka. Boti kubwa zinakwenda kama kawaida, vimashua vidogo ndo vya kufikiria mara mbili.

Ruti yenyewe iko hivi. SGR asubuhi kutoka hapa, masaa manne hayafiki uko Dar, unachukua bajaji mpaka bandarini unapanda boti ya Unguja, kama masaa mawili umefika. Ila usikate tiketi ya boti ya kubanana sana na muda wa treni. Kaa Unguja, alafu panda boti ya Pemba unashukia Mkoani, zunguka Pemba, alafu kuna boti ya kutoka Pemba kwenda Tanga, na Tanga kuna mabasi ya Dodoma. Unazunguka duara zima bila kurudia njia. Mtego uko hapo Pemba–Tanga, hiyo boti haiendi kila siku, ni siku maalum kwa wiki na ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia hiyo kwanza kabla ya chochote alafu safari nzima ihesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Watu wanapanga Unguja kwanza wanakuja kukwama kwetu huku, sio kwamba nalalamika.

Kuhusu kutapika, mkondo kati ya Nungwi na Pemba hauna utani wakati wa kusi. Kula kidogo tu, sio tumbo tupu na sio biriani, dawa ya kichefuchefu unameza kabla ya kupanda maana ukishaanza kutapika haikusaidii, kaa chini upande wa nyuma au katikati, usikae mbele hata kama kuna dirisha zuri, mbele ndo kunakopigwa. Simu weka mfukoni angalia mbali. Wahudumu wanapita na vimifuko, chukua hata kama unajiona mzima.

begi_tu:
Mpemba kamaliza, mi naongezea upande wa hela maana hapo ndo anayesafiri peke yake anapoumia. Gesti na chakula havina tatizo, ukiwa na kitambulisho cha NIDA unalipa bei ya Mtanzania kwenye boti na sehemu nyingi za viingilio, usikiache nyumbani. Tatizo ni boti za kukodi. Kwenda kisiwa cha Changuu kuangalia wale kobe wakubwa, au kisiwa cha Misali ukiwa Pemba, boti inakodishwa nzima, iwe mko nane au uko wewe na begi lako bei ni ile ile. Dawa yake ni kwenda ufukweni asubuhi mapema ukae tu uulize nani anajaza, au jioni yake upite gesti za jirani uone nani anaenda kesho. Forodhani jioni unapata watu wa kuchangia Changuu bila shida. Misali ni ngumu zaidi kwa sababu Pemba watalii ni wachache, subiri wikiendi, familia za mjini Chake Chake zinakwenda.

Mafia na Kilwa ziweke mwezi wa kumi na moja. Wale papa potwe wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, ukienda Julai utaonyeshwa picha. Na wako upande wa Kilindoni, sio Utende kwenye hoteli na hifadhi ya bahari, kwa hiyo ukilala Kilindoni mjini gesti ya kawaida uko karibu nao kuliko mzungu aliyelipa madola. Wanakula vitu vidogo vidogo tu vya majini, mtu hawamgusi. Novemba tena ndo tangambili, upepo unabadilika na bahari inatulia, hata Nyamisati unavuka unacheka. Kilwa nayo ni basi kutoka Mbagala mpaka Masoko, kibali cha magofu unakichukua hapo hapo Masoko, alafu mashua, kuvuka ni karibu. Msikiti mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa, mji uliotembelewa na yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, 1331, na siku ya kazi unaweza kujikuta uko na mlinzi tu na mbuzi.

sukuma_wa_ziwa:
Kwani visiwa lazima viwe na chumvi? Kutoka Dom panda basi la Mwanza kupitia Singida na Shinyanga, vuka Nansio, Ukerewe yote unaizunguka na bodaboda. Hakuna kusi wala papasi wa kufuatafuata wageni. Usiogelee tu hovyo ufukweni kwenye majani, kichocho kipo.

dada_ilazo:
Hapa wanaume wamejibu upepo na bei, swali la mwanamke wameliruka. Mdogo wangu nenda, Zanzibar kusafiri peke yako ni kuzuri kuliko sehemu nyingi. Mji Mkongwe na vijijini beba kanga mbili, funika mabega na magoti, gauni la ufukweni liishie ufukweni, basi hapo hata ukipotea kwenye vichochoro kuna mama atakuita akuelekeze. Mapapasi watakufuata na Kiingereza mpaka wachoke, wajibu Kiswahili cha Kigogo mara moja wanakuacha. Kinachochosha sio usalama, ni maswali, mume yuko wapi, watoto wangapi, mbona uko peke yako. Mi nilikuwa najibu "yuko njiani anakuja" na mazungumzo yanaisha. Gesti fika kabla ya magharibi, omba chumba cha juu, jaribu komeo kabla ya kulipa.

Kuogelea: Paje na Jambiani maji yakitoka yanatoka kweli kweli, bahari inaenda mpaka kule kwenye mwamba unabaki mchanga na akina mama wa mwani. Watu wasiojua kuogelea wanafurahi wanafuata maji huko mbali, na bahari inarudi kwa nyuma kupitia kwenye mikondo, unajikuta uko kwenye kisehemu kikavu umezungukwa. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ndo linakwenda mbali na kurudi haraka. Muulize yeyote wa pale "maji yanajaa saa ngapi leo", kila mtu anajua kichwani. Na boti yoyote ndogo hupandi mpaka jaketi la kuokolea liko mwilini, sio chini ya kiti. Nahodha akicheka acha acheke. MV Spice Islander ilizama 2011 ikienda Pemba kwa sababu ya kujaza kupita kiasi, kwa hiyo ukiona chombo kimeshona, shuka, tiketi itakatwa nyingine. Majahazi ya mizigo ndo usiyaguse kabisa hata wakikubeba bure.

Alafu ukiwa Unguja Julai ulizia Mwaka Kogwa wa Makunduchi uko tarehe ngapi. Wanaume wanapigana na makuti ya migomba wanamaliza hasira za mwaka mzima, wanachoma kibanda, na siku hiyo mgeni ni baraka, unavutwa kula nyumba usiyoijua.

zabibu_ya_hombolo:
Asanteni sana jamani, dada Ilazo hiyo ya "yuko njiani" naichukua. Basi ni kaskazini, Mafia nitaombea ruhusa Novemba. Sukuma nimekusikia ila nataka chumvi. Mpemba, kwa Pemba nikae wapi, na huko ukiondoa Misali kuna nini cha mtu wa miguu?

mpemba_wa_area_c:
Kaa Chake, ni katikati, daladala za Mkoani na Wete zote zinatokea hapo. Siku moja nenda Kidike ukaone popo wetu, wakubwa wana sura ya mbweha, duniani wapo Pemba tu, nenda jioni wakianza kuruka. Siku nyingine nenda kaskazini msitu wa Ngezi alafu unatokea Vumawimbi, ufukwe mrefu na unaweza usikutane na mtu, beba maji na chakula maana duka hakuna, na panga na bodaboda akurudie kabisa.

Utakuta msimu wa karafuu unaanza, zimeanikwa kwenye mikeka mpaka barabarani, harufu kila kona, na mtu atakuuzia kilo kadhaa bei poa ubebe Tanga. Usichukue. Karafuu mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kuzitoa kisiwani kimya kimya ni magendo na bandarini mabegi yanafunguliwa. Zile paketi ndogo za dukani hazina neno.