Uzio wa misaipresi unakauka: sabuni, mwarobaini au dawa ya mizizi?

mtoto_wa_meru: Wakuu habari za jioni, nina uzio wa misaipresi hapa Arusha, marehemu baba ndo aliupanda, tangu kiangazi kianze unageuka kahawia kuanzia ndani na sasa matawi mazima yanakufa, nikifunua naona vidudu vya kahawia vimejipanga kwenye vijiti, sisimizi wanapanda na kushuka, majani yananata na yana masizi. Nimeambiwa sabuni, wengine mwarobaini, wengine imidaklopridi, ile dawa ya wadudu ya kumwaga shinani inayonyonywa na mizizi. Kipi bora? Kuung'oa sitaki kabisa.

mama_bustani: Pole sana mdogo wangu. Hao ni vidukari wa msaipresi, Cinara, walionekana Malawi 1986, Kenya 1990, wameua miti mingi mno. Mate yao ni sumu ndo maana kijiti kinakauka. Mi nasema sabuni ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita, jioni, na pampu uiingize mpaka NDANI, wengi wanapulizia nje tu. Rudia kila wiki maana inaua yule iliyemgusa, ikishakauka basi.

limuru_kijani: Sabuni ni sawa kama ua ni fupi, huku kwetu ni futi kumi na mbili, utafika aje huko juu? Mimi nilimwaga imidaklopridi kwa mizizi, ilichukua kama mwezi. Mara ya kwanza udongo ulikuwa mkavu na haikupanda, so mwagilia maji siku moja mbele.

fundi_miche: Hiyo ya mizizi kama pembeni kuna maua usiguse mkuu, inapanda mpaka kwenye chavua nyuki wanakufa. Mwarobaini hauui papo hapo, unawazuia wasikue, na ukipuliza juani unaunguza majani. Ila kwanza kagua shina, likitoa utomvu na gome limepasuka hiyo ni kansa ya ukungu, dawa zote tatu ni hela ya bure, kata tawi chini ya kidonda uchome, mkasi pangusa na spiriti.

mama_bustani: Na sumu kali za kupulizia achana nazo, kuna kinyigu kililetwa 1994 kinataga ndani ya hao vidukari, utakiua nacho.

mtoto_wa_meru: Asanteni sana, utomvu hakuna, na chini kuna maua ya mama, basi naanza na sabuni kesho. Yaliyokauka yatachipua?

limuru_kijani: Hapana, saipresi haichipui kwa tawi lililokauka. Toa yote, penye pengo panda kayaba, ule mti wa miiba wa ua.