Mjadala: Sumu iliyomo kwenye tope ihesabiwe yote, au ile tu inayomfikia kiumbe?

Mleta mada

Wadau, kila panapozuka ugomvi kuhusu mto au ziwa lililochafuliwa, maneno yote huishia kwenye namba moja: miligramu ngapi za sumu katika kilo moja ya tope kavu. Ikizidi kikomo, chimbeni. Ikiwa chini, laleni. Mimi nasema namba hiyo ikiachwa peke yake inatudanganya, na mashahidi wangu ni gegereka wadogo, jamaa wa kamba na kaa, waishio humo humo topeni.

Mchukueni amfipodi aitwaye Hyalella azteca. Urefu wake haufiki sentimita moja. Hufukua tope la juu juu akitafuta mwani na bakteria walioganda kwenye chembe. Maabara humweka kwenye tope kwa siku 10 na kuhesabu waliobaki hai, au siku 42 ili kutazama ukuaji na uzazi pia. Sasa, matope mawili yenye kiasi kile kile cha PAH (zile kemikali za masizi, lami na mafuta) yanaweza kutoa majibu tofauti kabisa: huku wanakufa, kule wanazaana.

Sababu yake haina uchawi. PAH, PCB za transfoma za zamani, DDT na viuadudu vilivyoundwa kwa kuiga pareto vyote havipendi maji. Hunata kwenye mboji, na kinachomdhuru kiumbe ni kile kinachoachia na kuingia katika maji yaliyonaswa kati ya chembe. Tope la kichanga huachia upesi, lenye mboji nyingi hushikilia, na lenye masizi hushikilia mara kumi, hata mara mia zaidi. Mtafiti Di Toro na wenzake walishaeleza mwaka 1991 kwamba ukipima sumu kwa kila gramu ya kaboni ya mboji, badala ya kwa kilo nzima ya tope, tofauti nyingi kati ya tope na tope hupungua. Kwa nini basi sheria ziendelee kuhesabu kilo?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umesahau tumbo. Kemikali zinazonata sana, kama PCB nzito, haziingii kwa maji peke yake. Mnyama anameza chembe zenyewe, na majimaji ya tumbo lake yanazibandua kule ndani.

Halafu hiyo “isiyomfikia” ni ya leo. Mafuriko yakitibua tope kesho, je? Mboji ikioza? Sheria haiwezi kujengwa juu ya hali ya siku moja. Vile vikomo vya makubaliano vilivyotolewa mwaka 2000 na MacDonald na wenzake ni vya tope kavu tupu: PAH zote kwa pamoja, chini ya miligramu 1.61 kwa kilo madhara hayatarajiwi, juu ya 22.8 yanatarajiwa. Vilijaribiwa kwa matope halisi na vikatabiri vizuri. Mnataka nini zaidi?

Mleta mada

Nataka jibu la hapo katikati. Kati ya 1.61 na 22.8 kuna pengo la mara kumi na nne, na ndani ya pengo hilo kikomo chako kinanyamaza. Kuhusu tumbo: kama sumu imeshafikia mizani kati ya mboji, maji na mafuta ya mwili, njia iliyoingilia haibadilishi hesabu. Ila sumu ikiwa ngeni kwenye tope bado haijatulia, hapo nakubali umenibana. Mafuriko pia nakupa.

Mchangiaji wa pili

Samahani, swali la mgeni. Kwa nini msitumie Dafnia, yule kiroboto wa maji? Si ndiye anayepimwa kila mahali?

Mleta mada

Dafnia huchuja chakula akiwa anaogelea majini. Kipimo chake cha saa 48 kinakueleza habari za maji, si za tope. Kama unataka wa haraka anayegusa tope, kuna ostrakodi (gegereka mdogo mwenye gamba la vipande viwili) Heterocypris incongruens, siku 6 tu.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mnamwamini mno huyo amfipodi. Bifenthrini, mmoja wa hao ndugu wa kutengenezwa wa pareto, huua nusu ya Hyalella wa maabara ndani ya siku 10 kwa takriban nusu mikrogramu kwa gramu ya kaboni ya mboji. Lakini mwaka 2013 Weston na wenzake walionyesha kwamba Hyalella wa mwituni katika baadhi ya vijito vya California wamepata mabadiliko ya jeni katika mlango wa sodiamu wa mishipa ya fahamu, pale pale viuadudu hivi vinaposhambulia, wengine wakistahimili dozi hadi mara 550. Kwa hiyo ukimkuta mtoni mzima wa afya, usishangilie. Huenda ni mjukuu wa walionusurika, na wanyama wengine wa kijito hicho hawakupata bahati hiyo.

Kipimo cha maabara nacho kina upole wake. Hufanywa kwenye nyuzi 23, ilhali viuadudu hivi huwa vikali zaidi kwenye baridi. Taa za ndani nazo hazina miali ya urujuanimno kama ya jua, na baadhi ya PAH zikipigwa na miali hiyo ndani ya mwili mwangavu wa mnyama, ukali wake huongezeka mara nyingi.

Mchangiaji wa kwanza

Asante. Hayo yote yananipa sababu ya kubaki na kilo yangu.

Mleta mada

Hapana, yanakupa sababu ya kupima vizuri zaidi. Tazama mto Grasse, New York: mwaka 2006 walichanganya makaa amilifu (makaa yaliyotengenezwa ili yanase kemikali) kwenye sehemu ya tope lenye PCB. PCB katika maji ya kati ya chembe ikashuka sana, ilhali kwenye kilo ya tope ilikuwa pale pale. Kwa hesabu yako, watu wale hawakufanya kitu. Upande wa pili, mto Hudson ulichimbwa kati ya 2009 na 2015 ili PCB itolewe. Nakiri hiyo hairudi tena, ila kuchimba nako hutibua.

Mchangiaji wa kwanza

Na makaa yako yakisombwa?

Mleta mada

Basi yasiwekwe penye mkondo mkali, hapo chimba. Ninachoomba ni hatua mbili: hesabu ya kilo iwe ya kuchuja tu matope yaliyo wazi, na kati ya vile vikomo viwili uamuzi utokane na plastiki ya kunasa sumu inayoachia, ikizikwa topeni wiki kadhaa, pamoja na amfipodi wa siku 42.

Mchangiaji wa kwanza

Siku 42 kwa kila sampuli, na mto mmoja una sampuli mia. Niambie kwanza nani analipa, mchafuzi au mwenye mto, ndipo tuendelee.