Tupeane uzoefu: ruti zinazojiingiza zenyewe kwenye ruta ya ofisi

Wakuu, nahudumia ofisi moja hapa Kirumba. Ina faiba, na modemu ya laini ya simu kama akiba. Ruta ni MikroTik, toleo la 7. Tangu modemu ichomekwe, wahasibu wanatolewa nje ya mfumo wa benki kila mara, wakati video zinacheza vizuri tu. Kwenye IP, Routes (orodha ya ruti, yaani njia za data) naona 0.0.0.0/0 (ruti ya kutokea intaneti) mbili, zote zina alama DAd+, zote distansi 1 (yenye namba ndogo ndiyo hutumika kwanza). Nikijaribu kufuta ya modemu haifutiki. Waliowahi kukutana na hili tupeane uzoefu.

Fundi wa Nyakato: Yenye D imejiingiza yenyewe, haifutwi, mtafute aliyeizaa. Herufi ndogo inakutajia: d ni DHCP (ruta imepewa anwani na mtoa huduma au modemu), o ni OSPF (ruta zinatangaziana njia zenyewe), v ni VPN (njia ya siri ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti). Ile ya c iache, inatokana na anwani uliyoweka kwenye poti. Hiyo alama ya + maana yake ruta inatumia njia zote mbili kwa pamoja. Benki ina seva kadhaa, kwa hiyo mhasibu mmoja anaonekana ana anwani mbili, anatolewa. Nenda IP, DHCP Client, fungua ya modemu, Default Route Distance weka 2. Usizime Add Default Route, utakosa akiba siku faiba ikikatwa.

Nyegezi: Yetu ilikuwa o. Tuna tawi Nansio, tumeunganishwa kwa redio juu ya ziwa, OSPF pande zote. Kule wana kifurushi chao kidogo, na ruta yao ilikuwa inatutangazia 0.0.0.0/0. Siku zote haikuonekana, kwa sababu distansi ya OSPF ni 110 na faiba yetu ni 1. Faiba ilipokatwa, ofisi nzima ya Mwanza ikavuka ziwa kutafuta intaneti, bando la wenzetu likaisha kabla ya saa sita mchana. Mbaya zaidi traceroute (amri inayoonyesha data inapita wapi) hatukuipiga mapema, tulikuwa tunahangaika na nyaya. Dawa: ruta ya Nansio, kwenye OSPF Instance, Originate Default ikawekwa never.

Pasiansi: Kwetu v. Mtu alitiki Add Default Route kwenye L2TP (aina ya VPN) ya makao makuu, kila kitu kikawa kinapitia Dar.

Fundi wa Nyakato: @Nyegezi, ruta ya mbali namna hiyo bonyeza kwanza Safe Mode kwenye Winbox (programu ya kusimamia MikroTik). Ukijikata mwenyewe, mabadiliko yanarudi yalivyokuwa. La sivyo unapanda meli kwenda Nansio kurekebisha tiki moja.