Clara Bow: sauti ndiyo iliyommaliza, au magazeti?

Projekta Mbovu: Juzi mtu kaniambia filamu za sauti ndizo zilizomwangusha Clara Bow, yule nyota wa Hollywood wa enzi za filamu za kimya. Nabisha. *The Wild Party* ya 1929, filamu yake ya kwanza ya kusema, ilijaza majumba, na hakuacha kazi mpaka 1933. Kilichommaliza ni kesi ya 1931 ya aliyekuwa katibu wake, Daisy DeVoe, aliyeshtakiwa kwa kumwibia. Magazeti yalianika mambo ya chumbani kwake kama mitumba ya Jumapili. Mnasemaje?

Bi Shungi: Si ndiye huyu aliyepata Oscar ya kwanza?

Projekta Mbovu: Hapana, ni *Wings*, filamu bora. Yeye alicheza tu humo.

Bi Shungi: "Alicheza tu"! Jina lake lilitangulia ya wanaume wote kwenye bango, we unasema tu. Haya, jibu lenyewe: sauti. Binti wa kimaskini wa Brooklyn, na lafudhi yake ile! Ni sawa na kumchukua mtu wa Bara asiyejua r na l, ukampa aigize malkia.

Mtoto wa Isamilo: Bara tumeingiaje hapa? Nyie wa "hichi kitabu" ndio wa kutufunza matamshi?

Bi Shungi: Mwanangu, Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Mgeni haulizi chumvi jikoni kwa mwenyewe.

Mtoto wa Isamilo: Sanifu wakaandika "hiki". Mwenyewe hukusikilizwa.

Chogo: Mkimaliza kupimana ndimi: shida haikuwa lafudhi. Siku zile maiki ilifichwa mahali pamoja, ukisogea sauti inapotea. Clara alizoea filamu za kimya, anaruka, anazunguka, kamera ndiyo inamfukuza. Sasa asimame kama mlingoti? Aliiogopa maiki mpaka basi. Ikabidi mwongozaji, Dorothy Arzner, aitundike kwenye fimbo ya kuvulia samaki ili imfuate.

Bi Shungi: Kumbe miguu, si mdomo. Nakubali nusu.

Mtoto wa Isamilo: Nusu ipi? Wenye Brooklyn yao walikata tiketi wakamsikia. Anayeona lafudhi ni dosari ni wewe.

Mama Pili: Nyote mnamuua bure. Utotoni mama yake, mgonjwa wa akili, alimshikia kisu shingoni. Akaja studio akafanyishwa filamu juu ya filamu. 1931 kaolewa na Rex Bell, wakahamia ranchi Nevada. Mtu kachoka, kaondoka. Kwani lazima amalizwe na kitu?

Projekta Mbovu: Mama, alichoshwa na nani sasa? Si ile kesi? Jamani, niliuliza habari ya DeVoe.

Bi Shungi: DeVoe alipatikana na hatia kwa shtaka moja kati ya lundo, akafungwa. Umejibiwa. Isamilo, hebu sema "chura ruka" tukusikie.

Mtoto wa Isamilo: Hichi chura au hiki?

Bi Shungi: *Huyu* chura, mwanangu. Huyu!