Gumzo la ukoo: Nani aliichoka vita ya Ureno?

Kassim: Narudia tena, Mjomba: si raia waliochoka vita walioleta mapinduzi. 25 Aprili 1974 serikali ya Ureno iliangushwa na makapteni. Raia walikuja na maua kazi imeshaisha.

Mjomba Rashidi: Makapteni walikasirishwa na nini?

Kassim: Vyeo. Amri ya Julai 1973 iliwaruhusu maofisa walioitwa jeshini kwa muda tu wapige kozi fupi, halafu wahesabiwe sawa na waliosota chuo cha kijeshi.

Mjomba Rashidi: Vizuri. Na amri hiyo ilitungwa kwa nini?

Dada Zai: Kassim kimbia, huo mtego 😂

Mjomba Rashidi: Chuo kilikosa wanafunzi! Vita ya kuyang'ang'ania makoloni ya Afrika ilianza Angola 1961, Guinea-Bissau 1963, Msumbiji 1964. Kufika miaka ya 70 vijana hawataki hata kusikia habari ya kuwa ofisa. Ndipo serikali ikaanza kuokoteza. Hasira ya makapteni ina mama yake, na mama yake ni raia aliyegoma kimya kimya.

Shangazi Mwana: Kimya kimya vipi? Mtu akichoka si husema?

Mjomba Rashidi: Aseme wapi, dada yangu? Gazeti linapita kwa mkaguzi kwanza, na PIDE, polisi wa siri, wana masikio kila mahali. Walisema kwa miguu. Wakakatiza Hispania, wakavuka milima ya Pyrenees, haooo Ufaransa.

Dada Zai: Kuna ile habari ya picha! Unaichana picha yako vipande viwili. Kimoja kinabaki nyumbani, kingine unasafiri nacho. Ukifika salama unakituma. Wakiviunganisha vikalingana, ndipo mvushaji analipwa.

Shangazi Mwana: Ya Rabi. Shida ina akili.

Kassim: Wengi wa hao walifuata kazi viwandani. Usiwahesabu wote kuwa wapinga vita.

Mjomba Rashidi: Kazi, ndiyo. Lakini kijana mwenye kiwanda cha Paris mkono huu na miaka miwili ya porini Guinea mkono ule, sababu zake utazitenganishaje?

Idi: Nimetoka kazini nakuta jumbe kibao. Kuna msiba?

Dada Zai: Hamna, Mjomba na Kassim wameivamia Ureno.

Shangazi Mwana: Na mama zao je?

Dada Zai: Kila Krismasi televisheni ya taifa ilileta salamu za askari. Wanapanga foleni mbele ya kamera. Jina, salamu kwa baba, mama na mchumba, heri ya mwaka mpya, "kwaheri mpaka nitakaporudi". Anayefuata! Mwingine kakauka macho kama anasomewa hukumu.

Shangazi Mwana: Mama unakodoa macho kungojea sekunde hizo tu, na mwanao anaweza asitokee. Halafu wakubwa wanaona wamekufanyia hisani.

Mjomba Rashidi: Miaka 13 hiyo. Upande wa Ureno peke yake walikufa askari zaidi ya 8,000, Waafrika ndio usiseme. Dikteta Salazar alipoondoka 1968 watu walidhani mrithi wake, Caetano, atalegeza. Wapi! Mwisho wa Disemba 1972 Wakatoliki walikusanyika kwenye kanisa dogo Lisbon, wafunge na kuijadili vita. Polisi wakaingia, wakakamata, na watumishi wa serikali waliokuwamo wakafukuzwa kazi. Watu wa kufunga na kusali!

Kassim: Sawa. Lakini siku yenyewe, redioni wanajeshi waliwaomba raia wabaki majumbani.

Mjomba Rashidi: Wakabaki?

Kassim: Hapana 😅 Walijaa mpaka nje ya kambi ya Carmo alikojificha Caetano. Ila bila vifaru wangetawanywa mapema.

Idi: Vifaru vya serikali vilikuwa wapi?

Kassim: Vilikuwapo. Brigedia alimwamuru koplo amfyatulie kapteni mwasi Salgueiro Maia na watu wake. Koplo akajifungia ndani ya kifaru, akagoma kutoka.

Mjomba Rashidi: Koplo huyo mwanajeshi wa kazi, au wa kuitwa kwa lazima?

Kassim: Wa kuitwa. Na najua unakonipeleka, mjomba.