Hivi kwanini Wamarekani hawaielewi Formula 1?

Kijana wa Chikongola
Wakuu habari za jumapili. Mimi ni mdau wa Formula 1, yale mashindano ya dunia ya magari ya mbio, wa siku nyingi tu, hapa Mtwara tuko wachache na tunajuana, mechi ya Simba au Yanga ikiisha wenzetu wanatoka bandani sisi ndo kwanza tunaanza kumbembeleza mwenye banda abadilishe chaneli.

Sasa kuna mmarekani mmoja kaja huku na mambo ya gesi, tukawa tunapiga stori za magari, nikamwambia mimi kwa madereva ni Hamilton damu, jamaa ananiuliza Hamilton ndo nani. Nikajua ananitania. Kumbe kweli, anasema kwao Alabama toka mtoto wanapelekwa uwanja wa Talladega kuangalia NASCAR, mbio za magari za kwao, Formula 1 aliwahi kuiona kwenye tv akapitiwa na usingizi.

Asa swali langu, ile ni nchi ya magari kabisa, Ford kwao, Chevrolet kwao, hela ipo, Formula 1 yenyewe sa hivi mali ya wamarekani maana Liberty Media waliinunua 2017, inakuwaje miaka yote hii imeshindwa kuwakamata? Sisi huku hatuna saketi (uwanja wa mbio) hatuna dereva, mara ya mwisho mashindano kuja Afrika ni Kyalami, Afrika Kusini, 1993, na bado kuna watu humu wanajua mpaka majina ya mainjinia. Msinijibu eti wamarekani washamba, nataka sababu.

Fundi Dizeli Lindi
Njomba umejijibu mwenyewe hujajua tu. Sisi tunaipenda kwasababu hatuna ya kwetu ya kushindana nayo, inakuja inakuta nafasi wazi. Wao imekuta kiti kina mtu.

Formula 1 ubingwa wa dunia umeanza 1950. Indianapolis 500 imeanza 1911, ile siku ni sikukuu kwao, mwisho wa mwezi wa tano, majukwaa yanabeba watu zaidi ya laki mbili, familia zinarithishana viti babu mpaka mjukuu. Tena miaka ya 1950 mpaka 1960 hiyo Indy 500 ilikuwa inahesabiwa kwenye pointi za ubingwa wa Formula 1 na bado madereva wa Ulaya karibu wote walikuwa hawaendi, kila mtu na mambo yake. Alafu kuna NASCAR, zaidi ya mbio 30 kwa msimu, kuanzia mwezi wa pili pale Daytona mpaka wa kumi na moja, na gari zake zina sura za gari anazoziona mtaani, Mustang, Camaro, Camry. Mtu anashabikia Ford kwasababu baba yake aliendesha Ford. Gari ya Formula 1 wapi utaiona mtaani, ile ni ndege iliyokatwa mabawa.

Kingine ni ladha yenyewe. Nenda katafute video za Bristol kule Tennessee, mzunguko haufiki ata kilomita moja, umezungukwa na majukwaa kama uwanja wa mpira, ukikaa kwenye kiti chako unaona gari zote toka mwanzo mpaka mwisho, zinagongana ubavu, wanapitana, mtu anatoka nafasi ya ishirini anashinda. Formula 1 umekaa kwenye kona moja, gari zinapita vuuup, unasubiri dakika moja na nusu zipite tena kwa mpangilio ule ule. Na 2023 dereva mmoja, Verstappen, kashinda mbio 19 kati ya 22. Mimi kama fundi naenjoy coz naangalia nani kaleta nini kwenye sakafu ya gari, ila mmarekani hajalipia tiketi kuangalia sakafu. Kule IndyCar, ligi yenye hiyo Indy 500, wote bodi ni Dallara, injini ni Honda au Chevrolet, basi, tofauti inaletwa na dereva na watu wa piti, pale gari zinapoingia kuhudumiwa. Mmarekani anapenda hivyo, kila mtu aingie akiwa na nafasi ya kushinda. Ata michezo yao mingine iko hivyo, timu ikishika mkia inapewa kuchagua mchezaji mpya wa kwanza.

Bi Newala
Na muda mnausahau. Mbio za Ulaya zikianza saa tisa alasiri ya kwao, sisi hapa ni saa kumi jioni, umeshapika umeshakula umenyoosha miguu. New York ni saa tatu asubuhi jumapili, watu wako kanisani. California ni saa kumi na mbili alfajiri. Nani aamke alfajiri jumapili akaangalie Verstappen anaongoza peke yake? Mimi mwenyewe Las Vegas ikiwa usiku kwao huku ni jumapili asubuhi, nilikosa kwaya siku ile mama yangu hakunisemesha mpaka jioni.

Mzee wa Ligula
Wanangu salamu. Hayo ya muda na ladha ni kweli ila mimi nitawaambia lililoniuma mimi, kwasababu nimeanza kuufuatilia mchezo huu enzi za dereva Senna kwa kusikiliza redio na kusoma magazeti ya wiki iliyopita. Formula 1 haikushindwa tu kuwapata wamarekani. Iliwadharau.

Angalieni historia. Walikuwa na nyumba nzuri, Watkins Glen, jimbo la New York, toka 1961 mpaka 1980, watu wanapiga mahema msituni, ushabiki ulikuwepo kabisa. Hela ikaisha pale wakaondoka, kuanzia hapo ikawa kutangatanga. Las Vegas 1981 na 1982 walikimbilia kwenye maegesho ya kasino, nasema maegesho ya magari ya wateja, wamepanga vizuizi vya zege zinakunjwa kona kama utumbo, hakuna aliyekuja kuangalia wa maana. Detroit katikati ya mji. Dallas 1984 wakaweka mbio mwezi wa saba kwenye joto la Texas, lami ikamumunyuka kabla mbio hazijaanza, dereva Mansell gari ikamfia mita chache kabla ya mstari akashuka kuisukuma akazimia barabarani. Mwaka uliofuata hakuna Dallas. Phoenix 1989 mpaka 1991, nayo ikafa. Halafu miaka minane hakuna kitu chochote Marekani. Sasa mtoto aliyezaliwa Phoenix amshabikie nani na wapi?

Ikaja 2000 wakapelekwa Indianapolis penyewe, mahali patakatifu pa mbio kwao, nikasema sawa sasa wamepata makazi. Watu walijaa. Halafu ikaja 2005. Vijana wengi humu hamkuiona ile. Mimi niliiona usiku kwenye tv ya jirani yangu mwenye dishi, tuko watu kama nane ukumbini kwake.

Ijumaa kwenye mazoezi dereva Ralf Schumacher na Toyota yake tairi la nyuma kushoto likafeli kwenye kona ya 13, ile ya mwisho iliyoinuliwa, wanayoipita wamekandamiza mafuta mpaka chini. Michelin, waliokuwa wanapeleka tairi kwa timu nyingi, wakapima wakaona tairi zao haziwezi kuhimili kona ile mbio nzima. Na mwaka ule sheria ilikuwa huruhusiwi kubadili tairi katikati ya mbio, seti moja mpaka mwisho. Wenzao Bridgestone hawakuwa na tatizo, Firestone ni ya kwao na Firestone ndo inapeleka tairi Indy 500 kwahiyo lami mpya ya pale walikuwa wanaifahamu. Wakakaa vikao usiku kucha. Timu za Michelin zikaomba iwekwe kona ya kupunguza mwendo, FIA, wasimamizi wa mchezo, wakakataa, wakasema nyie wenye tairi mbovu punguzeni mwendo wenyewe. Ferrari nao, wenye tairi za Bridgestone, wakasema haiwahusu.

Jumapili gari zote 20 zikatoka kwenye raundi ya kujipanga. Watu wamelipa, wamesafiri, watoto wana kofia. Zikifika kwenye kona ya mwisho gari 14 zenye tairi za Michelin zikakata kulia zikaingia piti zikazimwa. Zimebaki sita. Ferrari mbili, Jordan mbili, Minardi mbili. Taa zikawaka, mbio zikaanza na gari sita, mstari mzima uko wazi, pengo pale mbele unaweza kupitisha lori la korosho. Watu wakaanza kuzomea, chupa na makopo ya bia yakarushwa kwenye lami. Michael Schumacher wa Ferrari akashinda, ndo ushindi wake pekee mwaka ule, jukwaani pale ni Monteiro wa Jordan tu aliyekuwa anafurahia maana kapata nafasi ya tatu ambayo asingeipata maisha yake yote. Michelin baadae walirudisha hela za tiketi na wakanunua tiketi elfu 20 za mwaka uliofuata wagawe bure. Lakini aliyedhalilishwa na watoto wake pale jukwaani utamrudisha kwa tiketi ya bure? 2007 ikawa mwisho Indianapolis, miaka minne mingine patupu mpaka Austin, Texas, 2012.

Kwahiyo huyo rafiki yako wa Alabama aliposema alilala, mimi namwelewa, kuna waliokuwa macho na wakajuta.

Kijana wa Chikongola
Mzee shikamoo. Hii ya gari sita nilikuwa naisikia tu sikujua iko hivi. Lakini kwani hawakuweza ata kukubaliana wakimbie bila pointi ili watu waone mbio?

Mzee wa Ligula
Marahaba mwanangu. Timu nyingi zilikuwa tayari ata kukosa pointi, ilipendekezwa. FIA wakasema ikiwekwa kona mbio hizo wao hawazitambui. Kila mtu alikuwa analinda sheria yake na maslahi yake, mwenye tiketi hakuwa kwenye kikao.

Masasi Speed
Mimi naona mnajadili Marekani ya zamani hii mada imepitwa na wakati. Toka ile series ya Netflix ya Formula 1 itoke 2019 mambo yamegeuka kabisa, wadada wa chuo kule wanajua dereva Leclerc anakula nini asubuhi. Austin 2022 walitangaza watu laki nne na arobaini elfu kwa siku tatu. Miami ikaongezwa 2022, Las Vegas 2023, nchi moja ina mbio tatu kwa msimu, nani mwingine ana tatu? Kituo cha tv cha ESPN wakapata wastani wa watu zaidi ya milioni moja kwa mbio. Timu ya Cadillac nayo kuanzia 2026. Wakuu mnasema wameshindwa kuwakamata wapi?

Bi Newala
@Masasi Speed milioni moja kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni mia tatu ndo unatamba kaka yangu? NASCAR ambayo kila mtu anasema inashuka bado inaipita kwa mbali. Na hao wa Netflix wengi wanapenda watu, hawapendi mbio, nikuulize wangapi wamekaa wakaangalia mbio nzima mvua inanyesha Spa, Ubelgiji, gari zinazunguka nyuma ya gari ya usalama.

Na dharau anayosema mzee haijaisha. Las Vegas hiyo hiyo 2023, usiku wa kwanza mazoezi yamekwenda dakika nane mfuniko wa chemba ukang'oka ukapasua Ferrari ya Sainz. Wakasimamisha, wanakagua mifuniko mji mzima, na saa saba na nusu usiku mashabiki wakaambiwa tokeni nje nendeni nyumbani, alafu mazoezi ya pili yakafanyika majukwaa matupu. Mtu kalipa mamia ya dola kaona dakika nane. Sainz nae eti akapewa adhabu ya nafasi kumi kwa kubadili vifaa vilivyoharibiwa na mfuniko wao.

Fundi Dizeli Lindi
Mimi naongezea la dereva maana hamjaligusa. Namungo wakicheza Ruangwa kuna mabibi wanakuja uwanjani hawajui ofsaidi ni nini, wamekuja kwasababu ni wa kwao. Wamarekani hawana wa kwao. Mmarekani wa mwisho kushinda mbio ni Mario Andretti, Uholanzi, 1978, yani baba yangu alikuwa hajaoa. Scott Speed alikuja 2006 katikati ya 2007 kaondolewa. Alexander Rossi kapewa mbio tano 2015 kwenye gari la mwisho kabisa, akarudi kwao na mwaka uliofuata akashinda Indy 500, sasa ndo ujue kipaji kilikuwepo gari ndo halikuwepo. Sargeant, mmarekani mwingine, alipata pointi yake moja Austin 2023, na yenyewe baada ya Hamilton na Leclerc kufutwa kwenye matokeo, ikawa pointi ya kwanza ya mmarekani toka 1993. Moja! Katikati ya 2024 nae akatolewa.

Alafu kuna Colton Herta, kijana wa kimarekani kashinda mbio za IndyCar mara kadhaa, 2022 Red Bull walitaka kumuweka kwenye timu yao ndogo akaambiwa hujafikisha pointi 40 za leseni ya Formula 1. Hapo ndo mmarekani anakasirika, maana tafsiri yake ni kwamba ligi yetu mnaiona ya mchangani. Haas timu ya Marekani ipo toka 2016 haijawahi kumuweka mmarekani kwenye kiti. Na hao Cadillac unaowasifia @Masasi Speed wamechukua Perez na Bottas, mmexico na mfini.

Masasi Speed
Wamechukua wazoefu kwasababu timu mpya, hiyo ni akili. Timu ya Andretti walipoomba kuingia wakakataliwa mwezi wa kwanza 2024 mkasema dharau, sasa GM wenye Cadillac wamekubaliwa mnasema bendera tu. Mnataka nini?

Bi Newala
Tunataka mmarekani mwenye gari linaloweza kushinda. Siyo sisi, wao.

Mzee wa Ligula
Na wakati walipokuwa nao wanaoshinda bahati ikawakataa. Mabingwa wao ni wawili tu, Phil Hill 1961 na Andretti 1978. Hill alichukua ubingwa Monza, Italia, siku ambayo mwenzake wa Ferrari, von Trips, alikufa kwenye mbio hizo hizo pamoja na watazamaji zaidi ya kumi. Ferrari wakaamua hawaendi Watkins Glen. Kwahiyo bingwa wa dunia wa kwanza wa Marekani, mbio za nyumbani kwake, alienda akiwa mtazamaji. Andretti nae ubingwa kaupata Monza na mwenzake wa Lotus, Peterson, kaumia siku ile akafariki kesho yake. Hawakusherehekea wote wawili.

Kijana wa Chikongola
Duh. Hii sikuijua kabisa, yule jamaa wa gesi nikikutana nae nitamuuliza kama anamjua ata Phil Hill.
Af wadau wa Mtwara mjini, Austin ni mwezi wa kumi na huku inaangukia usiku, hela za korosho zitakuwa zimeanza kuingia kwahiyo mwenye banda hana sababu ya kutufukuza mapema. Tukifika watu kumi anasema ataweka, elfu moja kila mtu. Nani yupo?

Fundi Dizeli Lindi
Niandike, nitakuja na bodaboda yangu. Ila Simba wakicheza siku hiyo jua tu hamna Austin.