Kufunga taa za ziada na keria kwenye Hilux Vigo nikiwa nyumbani: naomba ushauri

Mkulima_Makambako

Wakuu, heshima yenu. Nina Toyota Hilux Vigo ya milango minne, injini ya dizeli ya 2.5, ninayoitumia kubebea viazi na pembejeo, na mara nyingi hunilazimu kutoka alfajiri wakati ukungu wa huku kwetu bado haujaondoka barabarani. Nimekusudia kufunga mwenyewe, hapa nyumbani, taa mbili za LED za wati 60 kila moja juu ya ngao ya mbele, pamoja na keria ya mabomba ya chuma itakayoanzia kwenye bodi ya nyuma na kuegemea paa la kabini, ili niweze kubeba ngazi na mabomba ya maji ya mita 6.

Ninayo drili, seti ya spana, testa ya taa na mita ya umeme, na kijana mmoja jirani anayo mashine ya kuchomelea. Taa zilikuja na nyaya zake, swichi na rilei (swichi inayovutwa na umeme mdogo ili kuunga umeme mkubwa) ndani ya boksi, lakini nyaya hizo naziona nyembamba kuliko nilivyotarajia. Naomba kufahamishwa unene wa waya unaofaa, ukubwa wa fyuzi, mahali pa kuchukulia umeme bila kuharibu mfumo wa gari, na namna ya kuishika keria isitikisike. Natanguliza shukrani.

Rewaya_Gerezani

Ndugu Mkulima, kabla ya nyaya naomba tuzungumze kwanza kuhusu mahali unapotaka kuziweka hizo taa, kwa kuwa umetaja ukungu, na kwa ukungu mpango wako hautakusaidia. Ukungu ni matone madogo sana ya maji yanayoelea hewani, na mwanga mkali unaotoka karibu na usawa wa macho ya dereva huyagonga matone hayo na kumrudia usoni. Ukiwasha taa zenye mwali mrefu zilizo juu ya ngao, utaona weupe mtupu mbele ya boneti, na barabara utaiona kwa shida kuliko ulivyokuwa ukiiona kwa dimu (taa fupi) ya kawaida. Taa ya ukungu hufungwa chini, usawa wa bampa au chini yake, mwanga wake husambaa kwa upana na hukatwa kwa juu ili usipande, na huwashwa pamoja na dimu, si pamoja na fulu (taa ndefu). Wauzaji wengi watakuambia ununue za njano kwa sababu njano hupenya ukungu. Hilo si kweli, kwa maana matone ya ukungu ni makubwa mno kiasi kwamba hayachagui rangi ya mwanga. Kama njano inakutuliza macho, nunua, lakini usiilipie zaidi kwa ajili ya kupenya.

Hizo LED za ngao zifunge kwa ajili ya usiku usio na ukungu kwenye barabara ndefu, zikiwa chini ya amri ya fulu, ili ukizima fulu kumpisha mwenzako nazo zizime zenyewe. Usizibanie katikati ya ngao mbele ya rejeta, kwa sababu gari la mizigo linapopanda mlima linahitaji hewa yote inayopatikana hapo.

Sasa nyaya. Taa mbili za wati 60 ni wati 120, ambazo kwa volti 12 ni ampea 10. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye betri hadi rilei na kutoka rilei hadi kwenye taa, na fyuzi ya ampea 15. Waya huo ukipitisha ampea 10 kwa mita 3 utapoteza takribani volti 0.2, jambo ambalo halina madhara. Za kwenye boksi nakushauri uziweke kando, ubakize swichi na, ikiwa ni imara, rilei. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi sentimita 30, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya: kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi kikichubuka na kugusa bodi, hakuna kitakachouzuia moto.

Rilei ina miguu iliyoandikwa namba. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, wa 87 hupeleka umeme kwenye taa, na 85 na 86 ni ya koili inayoivuta rilei. Ukikuta mguu wa tano ulioandikwa 87a, uache wazi. Huo huwa na umeme wakati rilei imelala, na ukiutumia taa zitawaka muda wote usiozihitaji. Koili hutumia umeme mdogo sana, chini ya nusu ampea, kwa hiyo waya wa kwenda kwenye swichi ya dashibodi unaweza kuwa mwembamba bila tatizo lolote.

Jambo linalowasumbua wengi kwenye Toyota ni hili: katika Hilux nyingi swichi ya taa kubwa hukata na kuunga upande wa negativu, si wa positivu. Usifuate mchoro wa kwenye boksi kabla hujapima plagi ya balbu kwa testa, taa zikiwa dimu na kisha fulu, halafu urudi hapa utuambie ulichokiona.

Negativu ya taa usiifunge kwenye ngao iliyopakwa rangi. Kwangua rangi kwenye bodi au chesisi (fremu ya chini ya gari) mpaka uone chuma kinachong'aa, funga kwa bolti na washa ya meno, kisha paka grisi juu yake. Taa za LED zinazopepesa au zinazowaka kwa unyonge, mara nyingi ugonjwa wao uko hapo.

Chuma_na_Moto_Iringa

Mkuu Rewaya amemaliza upande wa umeme, nami niseme kuhusu keria, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naomba uliache kabisa wazo la kuiegemeza keria moja kwenye bodi na kwenye kabini kwa pamoja. Kabini na bodi ya pikapu ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa juu ya chesisi moja, na chesisi hiyo imetengenezwa ikiwa na uwezo wa kujipinda kidogo kila gurudumu moja linapoingia shimoni. Tazama nafasi iliyoachwa kati ya kabini na bodi. Haikuachwa kwa ajili ya urembo. Ukiviunganisha kwa bomba la chuma, msokoto wote utaishia kwenye maungio yako, na baada ya muda ama vidonda vya kuchomelea vitapasuka, ama paa la kabini litabonyea au kutoboka mahali palipofungwa.

Kinachofaa ni kutengeneza fremu inayosimama kwenye bodi peke yake, yenye nguzo nne au sita, na upande wa mbele urefuke na kupita juu ya kabini bila kuligusa paa, ukiacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya mtikisiko. Mabomba ya mita 6 yatatokeza mbele na nyuma, kwa hiyo yafunge pande zote mbili na uning'inize kitambaa chekundu upande wa nyuma. Kingo za juu za bodi ni bati jembamba lililokunjwa. Bolti ikikaza moja kwa moja juu yake italizamisha na shimo litapanuka kwa mtikisiko. Weka bamba la chuma la milimita 4 au 5 kwa chini, pana kuliko mguu wa nguzo, ili bati likae katikati ya vyuma viwili.

Kuhusu huyo kijana mwenye mashine: fremu achomelee ikiwa chini, pembeni ya gari, kisha muipandishe na kuifunga kwa bolti. Chesisi isichomelewe. Kama italazimu kuchomelea kitu chochote kikiwa kwenye gari, ondoeni kwanza waya wa negativu wa betri, na kibano cha ethi (waya wa kurudishia umeme) kiwekwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, kwa sababu Vigo ya dizeli ina kompyuta ya injini, na umeme wa mashine ukitafuta njia kupitia kwenye nyaya zake mtajikuta mnanunua kompyuta badala ya keria. Ngao nayo ishikwe na ncha za chesisi, bampa haiwezi kuibeba.

Tanga_Pwani

Naongeza dogo tu kwa upande wa kutu, sisi wa karibu na bahari tunaujua vizuri. Kila shimo utakalotoboa lipigwe msasa kingo zake, lipakwe praima na rangi, liachwe likauke, ndipo bolti au raba iingie. Chembechembe za chuma zinazotoka kwenye drili zifagieni zote siku hiyo hiyo, hata zile zilizojificha kwenye mifereji ya bodi, maana zikipata umande usiku mmoja zitaacha madoa ya kutu ambayo baadaye yatakula rangi yenyewe. Makambako hakuna chumvi, lakini umande mnao.

Mkulima_Makambako

Nawashukuru sana, wakuu. Keria nimeibadilisha kwenye mchoro: itasimama kwenye bodi tu. Taa za ukungu nitanunua nyingine za kufunga chini ya bampa, na hizi LED zitabaki za fulu.

Nimepima plagi ya balbu kama Rewaya alivyoelekeza, na matokeo yamenichanganya. Plagi ina miguu mitatu. Nikibana testa kwenye ethi na kuwasha dimu, mguu mmoja unawasha testa, wa pili hauiwashi, na wa tatu unaiwasha pia. Nikiweka fulu, ule wa tatu ndio unaozima. Yaani waya wa fulu una umeme wakati fulu imezimwa, na hauna wakati fulu inawaka. Je, gari limewahi kuchezewa nyaya?

Swali la pili: fundi mmoja hapa mjini amenishauri niongeze springi moja kila upande wa nyuma, ili keria ikishakuwepo niweze kubeba mzigo mkubwa zaidi. Ni sahihi?

Rewaya_Gerezani

Gari lako halijachezewa, ndivyo lilivyotoka kiwandani. Mguu wa kwanza ni positivu ya pamoja, ambayo hupata umeme ukishawasha taa kubwa. Mingine miwili ni njia za kwenda ethi, moja ya dimu na moja ya fulu, na swichi ya usukani huchagua ipi ishuke chini. Ukiwa kwenye dimu, umeme wa positivu hupita ndani ya uzi wa fulu, ukakosa pa kwenda, ukabaki unasubiri kwenye waya huo; ndiyo maana testa inawaka. Ukiweka fulu, waya huo huungwa na ethi na testa inazima. Mtu asiyelijua hili huunga koili ya rilei kati ya waya wa fulu na bodi, kisha hushangaa kuona taa za ziada zinawaka kwenye dimu na kuzimika kwenye fulu.

Kwa hiyo fanya hivi: mguu wa 86 wa rilei uunge kwenye positivu ya pamoja, na mguu wa 85 uende kwenye swichi ya dashibodi, kisha kutoka kwenye swichi urudi kwenye waya wa fulu. Ukiwa kwenye dimu, pande zote mbili za koili zina positivu na rilei haivuti. Ukiweka fulu, upande wa 85 unapata ethi na taa zinawaka, mradi swichi yako imewashwa. Kama rilei yako ina dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani yake, usibadilishe nafasi ya 85 na 86. Hakikisha pia kwamba swichi uliyonayo haina kitaa cha ndani kinachotegemea ethi ya mguu wa tatu. Ikiwa nacho, ama uache mguu huo bila kuunga na kitaa kisiwake, ama utafute swichi ya kawaida ya miguu miwili.

Taa za ukungu ziwe na rilei yake na fyuzi yake, na koili yake ichukue umeme kwenye taa ndogo kupitia swichi nyingine. Pima huko pia kabla ya kukata chochote. Waya wa kuingia ndani upitishe kwenye raba iliyopo tayari kwenye ukuta kati ya injini na kabini, na kabla haujaingia uuache uning'inie kidogo kwa chini, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi miguuni pako. Nyaya zote zikae mbali na eksozi na tabo (turbo), tafadhali.

Dereva_Nakuru

Kuhusu springi, ndugu yangu, mimi ningekataa. Springi ya ziada itainua sehemu ya nyuma, lakini uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba haupandi kwa sababu ya springi. Ekseli, beringi, matairi na breki ni vile vile vya awali. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Hilux nyingi za kizazi hicho zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ambayo husoma uzito wa mzigo kwa kutazama jinsi sehemu ya nyuma ilivyoshuka. Ukiinua nyuma kwa springi, vali huamini kwamba gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, ilhali wewe umebeba tani nzima ya viazi unateremka mlima. Chungulia chini karibu na ekseli; ukiikuta fimbo hiyo, basi springi isiguswe bila fundi wa breki kuirekebisha vali upya.

Kumbuka pia kuipima keria yenyewe kwenye mizani kabla ya kuipandisha, kwa sababu kilo zake zote hutolewa kwenye mzigo wako wa viazi. Kwa bomba za kawaida za inchi moja na nusu, fremu ya ukubwa huo inaweza kukula kilo nyingi kuliko unavyodhani, na ndiyo sababu nguzo nne zilizopangwa vizuri ningezipendelea kuliko sita. Ukishaifunga, pakia mzigo wako wa kawaida, simamisha gari mahali tambarare mbele ya ukuta, urekebishe mwelekeo wa taa zote ukiwa na mzigo huo ndani, kwani nyuma ikizama mwanga wa mbele hupanda na kuwapofusha wanaokuja. Bolti za keria uzikaze tena baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi.